Sanduku la Mayai la Mama Semeni

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana umeme ulishafika na ulishazoea kukatika, palikuwa na shule ya sekondari ya ufundi. Mama Semeni, mfugaji wa kuku, akaja na trei la mayai.

"Wanangu, nitengenezeeni sanduku la kuangulia," akasema. "Mayai yakianguliwa, aliyefanikisha nitamchukua shambani nimfundishe kazi. Nafasi ni moja."

Moja tu! Na kidato cha nne kilikuwa kinaisha, na nyumbani wazazi walishaanza kuuliza, "Ukimaliza, utafanya nini?"

Mkude wa useremala akatengeneza sanduku. Akaranda, akapiga msasa, akaziba kila mwanya, hata sisimizi asipite. Kwa raha yake, akalibusu.

Sijali wa umeme akaja kufunga balbu. Akatoboa tundu la waya, akakosea. Akatoboa tena, akakosea tena. Sanduku likawa na matundu kama chekecheo, na Mkude akalia machozi ya kweli.

Balbu ikawaka, mayai yakapata joto. Kisha umeme ukakatika! Chiku wa mapishi, aliyekuwa zamu jikoni, akalikimbilia sanduku, akaliweka karibu na jiko, akakaa akiligeuzageuza mpaka umeme uliporudi. Maharage ya shule nzima yakaungua. Siku hiyo wanafunzi walikula ugali na chumvi, na jina la Chiku likatajwa vibaya kila meza.

Wiki tatu zilipotimia, vifaranga vikatoka, piyo, piyo, piyo! Mwalimu Kobelo akalikagua sanduku mbele ya Mama Semeni, akacheka. "Bila matundu haya, mayai yangekosa hewa."

Sijali akaruka. "Mmesikia? Matundu ni yangu! Na joto ni langu!"

"Matundu ya bahati mbaya!" Mkude akafoka. "Mimi sikukosea hata msumari. Bila sanduku, balbu yako ungeitundika wapi?"

"Na umeme ulipokatika mlikuwa wapi?" Chiku akauliza. "Mimi nimetukanwa na shule nzima kwa ajili ya mayai haya. Naitaka nafasi hiyo, Mama. Naitaka kweli."

"Hata mimi," Mkude akasema, sauti imeshuka.

"Hata mimi," Sijali akanong'ona.

Mama Semeni akawatazama, akakuna kichwa, na mpaka leo anakikuna. Haya, ninyi mnaocheka hapo, msaidieni: fundi asiyekosea ambaye kazi yake ingeua, mkosaji ambaye kosa lake liliokoa, au mpishi aliyeokoa mayai akaunguza maharage ya shule nzima? Je, yupi aende naye shambani?