Kokoto za Bi Nguchiro

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie mlio kule nyuma, Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sogeeni karibu. Hii si hadithi ya kupigiwa kelele.

Zamani, zamani za kale hasa, kwenye mbuga moja pana, waliishi wanyama wengi. Maji yalikuwa mahali patatu. Kulikuwa na mto. Kulikuwa na chemchemi ya majabalini. Na kulikuwa na dimbwi la mikindu, lenye kivuli kizuri na maji baridi. Kila mnyama alikunywa palipokuwa karibu na kwake.

Mwaka mmoja ulivuma upepo mkali, vuuu, vuuu, ukaisha. Baada ya upepo, watoto wakaanza kuugua. Mtoto anatapika. Anatapika, analegea. Kesho yake hayupo. Akafa ndama wa Nyati. Wakafa watoto wa Swala. Akafa na mtoto wa dada yake Bi Nguchiro, kitoto kilichozoea kulala mgongoni kwa mama yake mdogo. Bi Nguchiro, ndiye huyo mama mdogo, bado aliusikia mgongo wake umekuwa mwepesi.

Wanyama wakaanza kunong'ona.

"Ni Fisi."

"Nani kasema?"

"Wanasema."

"Kina nani?"

"Wote! Kwani humwoni anavyopitapita kwenye nyumba za watu?"

Baraza likaitwa. Mkuu wa baraza alikuwa Bibi Tembo. Nyati akapiga kwato chini, puu! Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Fisi ahame! Ahame yeye na ukoo wake! Wavuke mto, waende nyikani!"

Ng'ambo ya mto hakukuwa na tone la maji. Aliyefukuzwa kwenda huko hakurudi.

Bibi Tembo akasema, "Kwanza tuulize. Bi Nguchiro, wewe huna shimo usiloingia. Nenda ukatuulizie."

Bi Nguchiro akaenda. Tiri, tiri, tiri, kwa miguu yake mifupi. Akaingia nyumba ya msiba, akauliza, "Fisi alipita hapa?"

"Alipita!"

Akaingia nyumba nyingine ya msiba. "Fisi alipita hapa?"

"Alipita!"

Kila alikoingia, alipita. Moyo ukamchemka. Akarudi barazani anahema.

"Nimewauliza waliofiwa. Wote wanasema Fisi alipita kwao."

"Imetosha!" akanguruma Nyati.

"Imetosha! Imetosha!" wakaitikia wote.

Ndipo Mama Fisi, ndiye huyo anayesemwa, akainuka. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, na pembeni yake hapakuwa na mtu.

"Bi Nguchiro," akasema, "kwangu ulifika?"

"Sikufika."

"Kwa nini?"

Bi Nguchiro akainamisha kichwa. Angesema nini? Kwamba aliogopa? Kwamba harufu ya pale haipendi? Kwamba alikuwa na jibu lake tayari, akatafuta tu wa kuliitikia?

"Ungefika," Mama Fisi akasema, "ungekuta kaburi. Kitinda mimba wangu nimemzika juzi. Alitapika kama wenu, akalegea kama wenu."

Shingo zote zikageuka kumtazama.

Bi Nguchiro alitamani ardhi ipasuke. Akainua kichwa kwa shida.

"Bibi, kazi sikuimaliza. Nimeuliza waliofiwa peke yao. Ambao watoto wao ni wazima sikuwagusa. Sijui kwao Fisi hupita au hapiti. Nipe muda nikaulize wote."

"Muda wa nini?" Nyati akafoka. "Watoto wanakufa!"

"Wanakufa, baba. Na tukimfukuza asiye na kosa, wataendelea kufa."

Bibi Tembo akatafakari. "Mwezi ukiandama tutakutana hapa. Nenda."

Safari hii Bi Nguchiro alichukua ganda la yai la mbuni. Kila nyumba aliuliza maswali yale yale, kwa maneno yale yale. "Watoto wenu wazima? Maji mnakunywa wapi? Fisi hupita hapa?" Mtoto aliyeugua, akamtilia kokoto nyeusi. Mtoto mzima, kokoto nyeupe. Ta! Ta! Ta! Ganda likajaa.

Akaenda kwake, akalimimina chini. Mwaa!

Akatazama. Lundo. Nyeusi na nyeupe zimechanganyika. Ipi ya mtoni? Ipi ya majabalini? Hajui. Aliuliza vizuri, lakini majibu yote aliyatia mahali pamoja. Akakaa chini, akalia.

"Acha basi, mdogo wangu," dada yake akamwambia. "Wangu ameshakwenda. Huwezi kumrudisha kwa mawe."

"Siwezi, dada. Lakini kuna wa wenzetu ambao bado wako."

Akafuta machozi. Akatafuta maganda matatu, moja la mto, moja la chemchemi, moja la dimbwi. Akatoka tena.

Ngiri alipomwona akaguna. "Wewe tena! Si ulikuja hapa?"

"Nilikuja, nikakosea. Watoto wenu wazima? Maji mnakunywa wapi? Fisi hupita hapa?"

Akaenda kwa Swala, akaenda kwa Twiga, akaenda kwa Kobe. Mwisho akaenda kwa Mama Fisi. Akasimama mlangoni, akauliza yale yale.

"Maji tunakunywa dimbwini," Mama Fisi akajibu. Akaitazama kokoto nyeusi ikidondoka gandani. Ta!

Mwezi ukaandama. Baraza likajaa. Bi Nguchiro hakuhutubia. Alichora mstari kwenye vumbi kwa ukucha wake, kisha akaanza kupanga kokoto kutoka mstarini, moja baada ya moja, kwa nafasi sawa. Safu ya chemchemi, nyeupe tupu. Safu ya mto, nyeupe, nyeupe, nyeupe, na nyeusi moja. Safu ya dimbwi, nyeusi, nyeusi, nyeusi, nyeusi, mpaka nyasini, na nyeupe za kutafuta kwa jicho.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hata watoto waliona.

"Na Fisi?" Nyati akauliza, sauti imeshuka.

"Fisi hupita kwa wote. Kwa wagonjwa hupita, kwa wazima hupita. Kama kupita kwake kungekuwa kunaua, safu zote zingekuwa nyeusi."

"Na hii moja ya mtoni?"

"Ni mtoto wa Ngiri. Aliugua, na kwao wanakunywa mtoni. Sijui kwa nini. Ningeweza kuitupa, safu ikapendeza. Lakini aliugua, kwa hiyo ipo."

Bibi Tembo akanyanyuka. "Twendeni dimbwini."

Wakaenda. Wakaliona. Upande wa kichakani, mnyaa mkubwa ulikuwa umeangukia majini, matawi yamevunjika, utomvu wake mweupe wenye sumu unavuja taratibu kwenye maji. Nani aliuangusha? Hakuna. Ni ule upepo. Walikuwa wamekuja na hasira zao zote, na hapakuwa na wa kumpiga.

Bibi Tembo akauvuta kwa mkonga, pwaa! ukatoka. Dimbwi likazungushiwa miiba, wote wakawa wanakunywa mtoni na majabalini. Kutapika kukapungua, kukapungua, kukakoma.

Nyati akamwendea Mama Fisi, kichwa chini. "Nisamehe. Nilikuwa natafuta pa kuuweka uchungu wangu."

Mama Fisi akamtazama. "Nimesikia," akasema. Akashika njia ya kwake, na Nyati hakumzuia.

Bi Nguchiro naye hakurudi kwake moja kwa moja. Alikwenda kwa Mama Fisi, kwenye lile kaburi dogo, akakaa. Hakuwa na swali. Alikaa tu, kama mnavyokaa kwa jirani aliyefiwa.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili. Ukitaka kujua jambo, waulize wote, aliyeumia na asiyeumia, unayempenda na usiyempenda. Ulichokusanya kipange, maana lundo halisemi kitu. Kisha kiweke wazi mbele ya watu, pamoja na kile usichokijua.

Hadithi yangu mwisho wake ni hapo. Aliyeisikia naye akawasimulie wa kwao.