Kitanda cha Shangazi Mwanahamisi

Ukipewa kitanda, uliza aliyekitoa analala wapi.

Methali hiyo mmeisikia leo kwa mama yenu, mkacheka, mkaniuliza ni kitanda gani hicho. Kaeni basi. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mwanamke wa upande wa Lindi, na yalianza hivi.

Palikuwa na msichana akiitwa Somoe, mzaliwa wa Lindi, aliyefanya kazi Dar es Salaam. Posa ya Mfaume ilipokubaliwa, alirudi nyumbani na jambo jipya. Dada yake alipoolewa alituzwa chupa za chai kumi na moja, asipate hata sufuria moja ya kupikia wali. Somoe hakutaka yamkute hayo. Aliandika orodha ya vitu anavyohitaji, akaituma kwenye kundi la simu la ukoo, kila mtu achague kimoja na aandike jina lake.

Mama yake aliisoma, akamrudishia simu.

"Huku kwetu mtu huleta alichojaliwa," alisema.

"Ndiyo, mama. Safari hii wataleta ninachohitaji."

Watu waliwahi majagi, mashuka na sahani. Siku ya tatu kilibaki kitu kimoja tu, kitanda cha mbao cha futi tano kwa sita.

Shangazi yake Mwanahamisi, dada wa baba, hakuwa na simu ya namna hiyo. Alikuwa mjane, akiishi peke yake kijijini, akiuza mihogo. Habari ya orodha aliisikia kwa jirani. Akaja Lindi mjini kwa miguu, akamkuta Somoe anapimwa gauni.

"Mwanangu, na mimi niandike. Kimebaki nini?"

"Kimebaki kitanda tu, shangazi."

Somoe alitaka kuongeza kwamba asihangaike, kitanda wangenunua wenyewe. Lakini fundi alimwambia ageuke, simu nayo ikaita, na alipomaliza kuongea shangazi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Kitanda nitaleta," alisema, akaaga.

Somoe akaandika jina lake. Alijiambia kwamba watoto wa shangazi walioko Mtwara watamsaidia.

Siku ya kutuza, kitanda kililetwa kwa mkokoteni, kimepigwa msasa na vanishi mpaka kinang'aa. Mshereheshaji alipotaja jina la Mwanahamisi, vigelegele vilipasuka uwanja mzima. Waliokuwa wameleta majagi wakaona haya. Somoe alijisikia fahari.

Siku ya nane baada ya ndoa, maharusi walikwenda kuwashukuru wazee. Kijijini walifika asubuhi, mvua imetoka kukatika. Mlango ulikuwa wazi, shangazi kaenda kuchota maji. Somoe aliingia chumbani ili amwekee kanga na sukari walizomletea.

Kando ya ukuta, kwenye sakafu ya udongo, palikuwa na vishimo vinne vilivyochimbwa na miguu ya kitanda kwa miaka mingi. Kati ya vishimo hivyo umetandikwa mkeka, juu yake shuka moja na kanga kuukuu iliyokunjwa kuwa mto. Maji yalikuwa yamepenya chini ya ukuta, na upande mmoja wa mkeka ulikuwa chapachapa.

Sukari ilimponyoka. Akaketi palepale chini. Ndipo alipokitambua kitanda alichokilalia tangu harusi. Utotoni aliugua surua, na shangazi alimlaza kwenye kitanda hicho wiki mbili, mwenyewe akikaa kwenye kigoda akimpepea. Vanishi ilikuwa imemfanya asikijue.

Mwanahamisi aliporudi alimkuta hivyo.

"Shangazi, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Alitua ndoo taratibu. Sauti yake haikuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Somoe zaidi. "Nilikuomba uniandike, ukaniandika. Jina likishasomwa na ukoo mzima, mtu mzima analifuta vipi?"

"Nitakirudisha leo."

"Hukirudishi. Nimekupa."

Mfaume, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliiokota sukari. Walirudi mjini. Somoe alikwenda moja kwa moja kwa seremala. Aliposikia kwamba kitanda cha kuagiza kingechukua wiki mbili, alinunua kile kilichokuwa tayari, pamoja na godoro, na kesho yake wakakipeleka.

Wabebaji walipokishusha, Mwanahamisi hakutazama mbao wala godoro. Alishika mwimo wa mlango, akawazuia wasiingie.

"Hiki kimetoka kwa nani?"

"Kwetu, shangazi," Somoe alisema.

"Na ninyi mnalala wapi?"

Miezi miwili Somoe alikuwa na orodha mkononi, amejadiliana na watu rangi ya mashuka na ukubwa wa sufuria, na swali hilo moja halikumjia. Mwanamke aliyelala kwenye udongo uliolowa aliliuliza hata kabla ya kukigusa kitanda.

"Tunalala kwenye kile ulichotupa, shangazi," Mfaume alimjibia.

"Basi kiingizeni."

Wabebaji ndio waliorudi na habari hiyo mjini. Walioisikia waliduwaa, kwa kuwa wote walikuwa wamekipigia kitanda kile vigelegele na hakuna aliyeuliza. Tangu hapo, mtu akipokea kikubwa kutoka kwa mwenye kidogo, huambiwa: Ukipewa kitanda, uliza aliyekitoa analala wapi.