Banda Kavu la Bi Chausiku

Ndugu zangu, na nyinyi mama zetu mlioko nyuma ya pazia, leo nitazungumzia jambo ambalo hatulitaji msikitini. Mniwie radhi mapema. Nitazungumzia mkojo.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, Bi Chausiku, aliyeishi katika mji mdogo wa wakulima na wafugaji. Nyuma ya nyumba yake alifuga beberu mmoja mkubwa, mweupe, mwenye masikio ya kuning'inia. Beberu huyo hakuwa wake peke yake. Kikundi cha akina mama kumi na wawili walichanga wakamleta kutoka mbali, ili mbuzi wao wa kienyeji wazae watoto wenye maziwa mengi. Wakamkabidhi Bi Chausiku amtunze, kwa sababu hakuna mnyama aliyewahi kukonda mikononi mwake.

Sasa, aliyewahi kukaa karibu na beberu anajua. Akiwa anatafuta majike hujikojolea mwenyewe, miguuni, kifuani, mpaka kwenye ndevu. Hayo ndiyo manukato yake, na majike huyapenda. Mzee Nasibu hakuyapenda hata kidogo.

Mzee Nasibu alikuwa jirani, ukuta kwa ukuta, fundi wa kushona kanzu. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya nyuma, hatua chache kutoka banda la beberu. Alivumilia, akavumilia, mwishowe akabisha hodi.

"Bi Chausiku, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini huyu mnyama wako anakojoa kama bomba lililopasuka. Watu wanakuja kuchukua kanzu zao, wanazinusa kwanza. Fanya ujuavyo, banda likauke. Vinginevyo nitalifikisha kwa balozi wa nyumba kumi."

"Nisamehe, Mzee Nasibu. Nitajitahidi."

Bi Chausiku akakaa akafikiri. Na alifikiri kama ambavyo mimi na wewe tungefikiri. Mkojo unatokana na maji, na kiu ya maji inaletwa na chumvi. Basi akaliondoa lile jiwe la chumvi ambalo beberu alikuwa akilamba. Ndoo mbili za maji kwa siku akazipunguza, akawa anampa kopo moja asubuhi na moja jioni. Na ili asikonde, akamwongezea pumba.

Majuma matatu yakapita. Banda likakauka. Harufu ikapungua, ikawa kidogo sana. Mzee Nasibu akamsalimia Bi Chausiku kwa uso mkunjufu, akamwambia, "Ahsante, dada yangu. Sasa tunaishi kama watu."

Niambieni, ndugu zangu. Je, hakupata alichokiomba?

Siku moja, baada ya adhuhuri, Mzee Nasibu akiwa anashona alisikia mtu anaguna upande wa pili wa ukuta. Akasimamisha cherehani. Mguno ukarudi, mrefu, kama wa mtu anayeinua gunia zito. Akadhani Bi Chausiku anaumwa, akazunguka mbio, akaingia uani.

Akamkuta mama wa watu amechuchumaa, mkono juu ya mgongo wa beberu. Beberu alikuwa amenyoosha miguu nyuma na mbele, mkia unatikisika, anasaga meno. Anajikamua kwa nguvu zake zote, na hakitoki kitu.

"Yuko hivi tangu asubuhi," Bi Chausiku akasema bila kugeuka. "Nitawaambia nini wenzangu? Mzee Nasibu, kama una neno la kuniambia, niambie kesho. Leo sina nafasi."

Mzee Nasibu akatazama chini. Sakafu ya banda ilikuwa vumbi tupu. Ilikuwa kavu kama alivyoitaka. Alirudi kwake, akachukua baiskeli, akaenda kumtafuta daktari wa mifugo, akarudi amepakiwa nyuma ya pikipiki ya yule daktari.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mtulivu. Akampapasa beberu tumboni, akauliza, "Mara ya mwisho alikojoa lini?"

Bi Chausiku akamweleza yote: chumvi, makopo, pumba. Hakumtaja jirani. Lakini jirani mwenyewe akasema, "Ni mimi niliyetaka banda likauke."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Figo zake ni nzima," akasema. "Usiku na mchana zinachuja damu, zinatoa uchafu na chumvi iliyozidi. Maji yakiwa machache haziachi kazi, ila zinayabana. Mkojo unakuwa mzito, na kwa pumba nyingi hivi unatengeneza vijiwe kama punje za mchanga. Kijiwe kimoja kimeziba njia. Kibofu kikipasuka, huyu hatunaye tena. Nani atanishikia?"

Kumshika beberu kwa kazi ile si mchezo. Anakalishwa kwa makalio kama mtoto, mgongo kifuani kwa mtu, miguu juu. Bi Chausiku asingeweza uzito ule. Mzee Nasibu, na kanzu yake nyeupe aliyoshona kwa mkono wake, akaketi kwenye vumbi, akampakata beberu.

Mwishoni mwa njia ya mkojo ya mbuzi dume kuna kinyama chembamba kama uzi, na vijiwe hupenda kukwama hapo. Daktari alimchoma sindano ya kumtuliza, akakitafuta kile kinyama, akakikata ncha. Wakangoja. Halikutoka tone. Bi Chausiku alikuwa amefumba macho, midomo inachezacheza.

Kisha likatoka tone moja. Likafuata jingine. Halafu, ndugu zangu, ukaja mkojo wenyewe. Ulimlowesha Mzee Nasibu tumboni, mapajani, kwenye mikono ya kanzu, ukamrukia mpaka kidevuni. Na yule mzee, ambaye mwezi mmoja nyuma alitaka kwenda kwa balozi, hakusogea. Machozi yalimlengalenga, akawa anampigapiga beberu begani, anamwambia, "Alhamdulillahi. Endelea, baba. Endelea, usibakize."

Bi Chausiku alicheka na kulia kwa pamoja. Jiwe la chumvi likarudi, ndoo mbili zikarudi. Mzee Nasibu alioga, akabadili nguo ili aswali alasiri, na kesho yake akaihamishia cherehani baraza ya mbele. Kumbe siku zote nyumba yake ilikuwa na baraza mbili.

Ndugu zangu, mnamcheka Mzee Nasibu. Na mimi nilianza kwa kumcheka, mpaka nikajitazama.

Sisi ni hodari wa kushukuru kwa kinachoingia. Tukiletewa sahani ya wali, tunashukuru. Tukinywa maji ya baridi wakati wa kufuturu, tunashukuru mpaka jirani anasikia. Nani kati yetu aliwahi kushukuru kwa kinachotoka? Tunaziba pua, tunafunga mlango, tunakwenda zetu. Lakini wali ule ungekuingia usipate pa kutokea, ungekuwa neema au msiba?

Wapo ndugu zetu ambao figo zao zimechoka. Mara tatu kwa wiki wanalazwa karibu na mashine, saa nne nzima, damu inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Tuwaombee. Na wewe je? Damu yako imesafishwa tangu nilipoanza kusema. Umekaa hapo, wengine mmesinzia, na kazi ile inafanyika ndani yenu bila mashine na bila kuulizwa. Nani anayeifanya? Na lini ulimwambia neno lolote juu yake?

Tukiwa wadogo, madrasa, tulifundishwa dua ya kutoka chooni. Tumekua, tumewaachia watoto. Tunaona ni jambo dogo. Basi mimi naanza na nafsi yangu: kuanzia leo sitatoka kimya. Na wewe ukifika nyumbani utakwenda, maana hakuna asiyekwenda. Ukitoka, isome dua ile. Na kama Kiarabu chake kimekupotea, vuka kizingiti, usimame, useme kwa Kiswahili chako mwenyewe: Ahsante, Mola wangu, mkojo umetoka.