Ubao wa Silabi wa Kinole

Wahenga waliposema kidole kimoja hakivunji chawa, hawakuwa wakitufundisha usafi wa kichwa. Walimaanisha kwamba iko kazi ambayo mtu peke yake, hata awe hodari namna gani, hataimaliza mpaka mwenzake atie mkono. Maneno haya huimbwa shuleni kila siku, na kila siku huingia sikio hili yakatokea la pili. Mwanaheri binti Mwinshehe wa Kinole aliyajua tangu utotoni. Kilichomchelewesha ni kuyaamini.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, wakulima walipoweka majembe alasiri wakaenda kushika chaki. Kinole, kijiji kilichoegemea ubavu wa Milima ya Uluguru katikati ya michungwa na midalasini, nacho kilikuwa na darasa lake la watu wazima. Lakini wanafunzi walifika hoi kutoka shamba, na mwalimu alipofika “ba be bi bo bu” nusu yao walikuwa wanakoroma. Mwanaheri, fundi redio pekee wa kijiji, alikuwa miongoni mwa waliokuwa macho. Akawaza: mtu mzima hasinzii mbele ya kitu kinachowaka.

Hapo ndipo alipoanza kubuni ubao wa vitufe. Kila kitufe kingebeba silabi yake, na ukikibonyeza kingewaka taa. Vifaa vya ng'ambo vilikuwa adimu kama maziwa ya kuku, kwa hiyo alitumia vilivyokuwapo. Ubao wenyewe ulikuwa wa sanduku la chai. Njia za umeme alizikata kutoka katika karatasi ya fedha iliyotandikwa ndani ya sanduku hilohilo, akazibandika kwa ulimbo. Vitufe vilikuwa vipande vifupi vya mwanzi, juu vimefunikwa karatasi iliyoandikwa silabi na kupakwa mafuta ya nazi ili mwanga upenye, na ndani ya kila kimoja mlikaa globu ya tochi. Chini yake alikunja bati la kopo la maziwa, likawa springi. Mtu yeyote mwenye kisu na subira angeweza kujitengenezea wa kwake.

Kazi yote hiyo aliifanya katika banda la ukoo, na banda hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mjomba wake Kibwana, mwenyekiti wa kijiji na msemaji wa mali za ukoo, alilitaka liwe ghala.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Mdalasini wa kijiji unanyeshewa, na wewe umefungia vipande vya sanduku humu.”

“Nipe mpaka Saba Saba, mjomba. Mkoa umetangaza kwamba kijiji kitakachopeleka chombo bora cha kufundishia, kilichotengenezwa kwa vitu vya hapahapa, kitapewa vifaa vya karakana. Nikishinda, banda litakuwa karakana ya Kinole.”

“Na usiposhinda?”

“Nitakukabidhi ufunguo.”

Bila banda, angerudi kuchokonoa redio kwenye baraza za watu, mvua ikimpiga mgongoni na kuku wakimdonolea skrubu. Alijua fundi wa namna hiyo hadumu. Basi akajifungia, na hakuruhusu mtu kuchungulia hata dirishani. Sifa ikigawanywa, alijiambia, kila mtu huondoka na makombo.

Dadi, mtani wake wa ukoo, hakuweza kuvumilia mlango uliofungwa.

“Mwanaheri! Unafuga jini humo?”

“Ndiyo, na leo halijala. Ingiza kichwa!”

“Likinimeza litatapika, mtani. Nyama yangu ni chungu.”

Ubao ulipokamilika, Mwanaheri aliujaribu peke yake. Alibonyeza KI, ikawaka. Akabonyeza NO, ikawaka. Akabonyeza LE, nayo ikang'aa hata akacheka kwa sauti. Alipita kitufe baada ya kitufe kwa kidole chake cha shahada, na hakuna hata kimoja kilichomwangusha.

Siku aliyoupeleka darasani hapakusinzia mtu. Mjomba Kibwana, ambaye naye alikuwa mwanafunzi japo hakupenda itangazwe, alisimama mbele kabisa.

“Niandikie Kinole,” alisema.

Mwanaheri akabonyeza silabi moja moja. Mzee akatikisa kichwa. “Hivyo ni vipande. Nataka nilione jina la kijiji changu zima, kwa mkupuo.”

Mwanaheri akaweka vidole vitatu pamoja. Taa zikafifia, zikawa nyekundu kama makaa yanayokufa, na hakuna aliyeweza kusoma lolote. Dadi akajipenyeza, akatandaza vidole vyake vyote juu ya ubao, na ubao ukazimika kabisa.

“Ahaa!” akapiga kelele. “Kumbe jini lenyewe ni la kidole kimoja!”

Darasa liliangua kicheko. Mwanaheri alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini utani una sheria yake: mtani hakasirikiwi, na anayemkasirikia ndiye mshamba. Alijilazimisha kutabasamu, akabeba ubao wake, akarudi bandani. Huko alilia. Alikuwa na hasira, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mtani alikuwa amesema kweli. Alikuwa ameujaribu ubao kwa kidole kimoja kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine bandani wa kutia kidole cha pili.

Hakuhitaji kutafuta sana chanzo cha kosa. Betri alizoweka zilitosha kuwasha taa moja, hazikuwa na nguvu ya kubeba taa nyingi kwa pamoja. Na betri mpya hazikuwapo dukani Kinole, wala huko mjini.

Asubuhi alipotoka, aliona kitu ambacho alikuwa akikiona kila siku bila kukitazama. Juu ya mapaa na kwenye mawe ya uani, kila nyumba ilikuwa imeanika betri zake chovu juani, ili zipate walau nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya jioni. Moja haikuwa na maana yoyote. Lakini je, zikiunganishwa zote?

Kufikiri kulikuwa rahisi. Kuomba ndiko kulikomtoa jasho. Alisimama uani kwa Dadi.

“Mtani, nakuomba betri yako.”

Dadi alimtazama kutoka juu hadi chini. “Ile? Imekufa kama moyo wako.”

“Nipe hivyohivyo. Na uje nayo bandani. Mlango uko wazi.”

Dadi alichukua betri yake, na njiani akawa anapiga mbiu kwamba jini la Mwanaheri limekubali kulishwa. Watu wakaja, wengine kwa kutaka kusaidia, wengine kwa umbea, na wote wakiwa na betri mkononi. Pili, mmenya mdalasini, aliinama juu ya ubao, akafuata njia za karatasi ya fedha kwa ukucha.

“Mbona taa zote zinakunywa kwenye mfereji mmoja, tena mwembamba hivi? Shambani, tuta la mwisho lingekauka.”

Mwanaheri akakata karatasi upya. Kila safu ya vitufe ikapata njia yake, pana, yenye tabaka juu ya tabaka. Betri wakazifunga bega kwa bega, mafungu kwa mafungu, ndani ya kasha la mbao. Jioni ile Kinole haikusikia taarifa ya habari, na hakuna aliyelalamika.

Saba Saba ikafika. Walishuka Morogoro na mjomba, Pili na wanakijiji wengine juu ya lori la machungwa, Mwanaheri amepakata ubao, kasha likirukaruka miguuni mwa Dadi. Katika uwanja wa maonyesho palikuwa na vyombo vilivyopakwa rangi vizuri kuliko ubao wao. Bi Anastasia, mkuu wa waamuzi, mama mwenye miwani na maneno machache, alibonyeza kitufe kimoja, kikawaka.

“Vya kuwaka kimoja kimoja nimeviona vingi leo,” alisema. “Washeni vyote.”

Vitufe vilikuwa vingi kuliko vidole vya Mwanaheri, na barabara ilikuwa imeutikisa ubao vibaya. Alirudi nyuma hatua moja.

“Mjomba, Pili, Dadi, njooni. Na ninyi nyote wa Kinole, wekeni vidole.”

Wakasongamana, mikono ya wamenya mdalasini na wachuma machungwa ikapishana juu ya mwanzi. Wakabonyeza. Kibanda kizima kikang'aa, silabi zote zikasomeka, na watu wa vibanda vya jirani wakaacha vyao wakaja kutazama.

“Mmepata wapi betri nzuri hivi?” akauliza Bi Anastasia.

“Si nzuri, mama. Zimekufa zote.”

Mwamuzi hakuamini. Akachomoa moja kutoka katika kasha, akaigusisha globu. Giza. Akajaribu ya pili. Giza vilevile. Akazirudisha mahali pake, akaamuru wabonyeze tena, na ubao ukawaka kama mwanzo. Bi Anastasia alivua miwani, akacheka mpaka akajifuta machozi. Hakuwauliza wenzake walionaje. Uso wake ulikuwa umekwisha tangaza.

Jina la Kinole lilipoitwa kwenye kipaza sauti, Pili alipiga kigelegele kilichopasua uwanja. Mjomba Kibwana alimshika mpwa wake mkono, akauinua juu.

“Mdalasini utatafuta pengine pa kulala!” alinguruma. “Lile banda ni karakana!”

Mwanaheri alifurahi waziwazi, bila kujizuia, na hakuona kama furaha ile imepungua kwa kugawanywa na watu wengi. Ama kwa hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.