Mkeka wa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango, vyungu na mikeka kama sisi, Pimbi aliishi na watoto wake ukingoni mwa mto, chini ya mlima. Sogeeni karibu, wanangu, maana mto huo ulikuwa umeanza kutisha.

Juu mlimani Tembo alikuwa akiangusha miti apate shamba la mtama. Kila mti ulipoanguka, puu, Pimbi alishtuka huko chini. Mvua iliyopita, tope lilimzoa jirani yake Nungunungu pamoja na nyumba yake. Hakuonekana tena.

Pimbi akapanda mlima.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Nakuomba, iache miti iliyobaki. Mvua ikija tutakufa."

"Marahaba, Bi Pimbi. Wanangu nao wana njaa. Na hilo tope mimi sijaliona. Hapa kwangu mvua hunyesha, ikapita."

Hakuwa mwovu. Aliishi juu tu.

Pimbi akatazama mawingu, akageuza maneno. "Basi yaishe, mzee. Kesho mchana njoo kwangu ule maboga."

"Sasa hayo ndiyo maneno," akasema Tembo.

Katika bonde lile, mgeni akishakula kwako sharti ajilaze kidogo kwenye mkeka wako. Akiondoka bila kulala, amekutukana. Basi kesho yake Pimbi akawapeleka watoto juu ya majabali, kisha akatandika mkeka mchangani, kando ya maji kabisa.

Tembo akala, akashiba. "Mkeka wenyewe unanitosha sikio," akacheka.

"Laza sikio basi, mzee."

Akalala. Khorr, khorr.

Huku chini jua liliwaka. Kule mlimani kulikuwa kweusi. Pimbi aliketi akiutazama mlima. Akimwamsha mapema, Tembo hataona kitu. Akichelewa, atakuwa amemuua mgeni wake.

Mara vyura wakanyamaza. Tembo akafumbua jicho moja.

"Bi Pimbi, nini kinanguruma ardhini?"

"Shamba lako, mzee. Linashuka."

"Linashuka wapi?"

"Hapa. Kimbia!"

Wakaparamia majabali. Nguruu, nguruu! Tope jekundu likapita na mkeka, na chungu, na mlango wa Pimbi. Gogo likamgonga Tembo mguu wa nyuma. Alipoligeukia, aliona juu yake alama za pembe zake mwenyewe.

"Ulijua," akasema akihema. "Ulinilaza pale makusudi."

"Nilijua. Nilipokuja kukueleza, hukusikia. Nami niliogopa kuliko wewe."

Tembo akatazama pale palipokuwa na nyumba. "Na wanangu watakula nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

Ndipo wakaketi pamoja, wa juu na wa chini. Miti ya chemchemi na ya miteremko ikaachwa, na iliyokatwa ikapandwa upya. Tembo akapewa uwanda bondeni alime mtama wake, mbali na ukingo, na ukingoni matete yakaachwa yaote. Na tangu siku ile, kabla ya mvua za kwanza, kila aishiye juu hushuka kujilaza mchana mmoja kwenye mkeka wa aliye chini, sikio ardhini.

Hadithi yangu inaishia hapo, nalo funzo lake ni hili: kabla hujaangusha mti juu ya mto, mfikirie anayelala chini yako.