Fundi Aliyejumlisha Memori

Msicheke, wapendwa. Mzee wa kanisa amenivuta koti kunijulisha kwamba dakika tano zote nilikuwa nawasomea mahubiri ya Jumapili iliyopita. Nimehubiri mpaka ng'ambo na kote nimepotea njia, ila kupotea ndani ya karatasi yangu mwenyewe, hii ndiyo mara ya kwanza. Basi niiache karatasi, niwape mfano.

Kulikuwa na fundi wa kompyuta katika hospitali moja kubwa. Asubuhi seva inayotunza taarifa za wagonjwa ikawa nzito, foleni ikafika getini. Fundi akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi ndani yake. Zilikuwa mia mbili, kila moja imeandikiwa gigabaiti nane za memori. Ya maabara, tisa.

"Kumbe mlafi ni wewe!" Akaikata kwa nguvu.

Zote mia mbili zikaanguka nayo.

Nesi akaingia mbio. "Kaka, kuna mama amejifungua, anavuja damu! Majibu yake ya maabara yako humo, siyaoni!"

Mkuu wa fundi, mama mpole, alikuwa ameshaanza kuiwasha seva upya. "Mashine ina memori kiasi gani?"

"Gigabaiti sitini na nne."

"Na ukijumlisha orodha yako?"

"Elfu moja na mia sita... na moja."

"Na hukushtuka?"

Fundi akairudia orodha kwa kidole.

"Zote zinatumia memori ileile, baba. Watu mia mbili wamekaa benchi moja, nawe kila mmoja umemwandikia benchi zima. Ukimng'oa mmoja kwa nguvu, wote wanakwenda chini."

Sasa sisi, huko nyumbani, tunahesabuje? Bibi tunamwandikia paa zima. Shemeji naye, paa lilelile, moto uleule, kelele zilezile. Tukijumlisha, tunaapa kwamba watu wametuelemea. Nani kati yetu amewahi kuuliza: huyu akiondoka, kitapungua nini hasa? Mara nyingi ni kikombe kimoja cha chai. Lakini sisi tumeshamng'oa, na tunashangaa kwa nini nyumba nzima imezima.

Seva ilirudi baada ya dakika saba. Yule mama alipona, kwa shida. Fundi akamfuata nesi kwenye korido, karatasi mkononi.

"Dada, naomba unielewe, hesabu ilionyesha kabisa kwamba..."

"Hesabu yako ilikuwa haitoki damu."