Nyumba Isiyo na Fundo

Sogeeni motoni. Mimi nimechoka, lakini wanawake hawa watatu walichoka kunishinda.

Walikuwa wafugaji. Masika yalikuwa yameotesha majani mbali, nao wakawa wanawafuata wenzao waliotangulia na mifugo. Kila jioni walijenga nyumba ya fito na mikeka. Kila alfajiri waliifungua fundo kwa fundo, wakamtwika ngamia.

Jioni moja wakakuta nyumba imesimama peke yake. Ikasema, "Ingieni, wanangu. Hapa hamtahama tena."

Gumato akaingia, akalala. Kabale akaingia, akalala. Talaso, aliyechoka kuliko wote, akazunguka nje kwanza, akitafuta fundo la kuanzia kesho, maana mkono ulishazoea. Akapapasa fito zote. Fundo hakuna. Zilikuwa na joto, na zilipumua.

"Tokeni! Hizi ni mbavu za zimwi!"

Wakachomoka, mlango ukajifumba nyuma yao kama mdomo.

Wakashika njia tena. Talaso akawa analia.

"Unalia nini, na tumepona?" Gumato akamuuliza.

"Naililia ile nyumba, dada," akajibu, akimvuta ngamia.

Mzigo wangu nimeutua hapo. Mwenye nguvu auchukue.